Ndege Inayopita Juu ya Kamba Zangu

Jumamosi, 2 Agosti

Profesa, binti yangu, amepiga simu! Pasi ilikuwa mkononi, nikaisimamisha haraka, maana habari njema imewahi kuunguza mashati ya watu. Likizo yake imekubaliwa. Anatuchukua mimi na baba yake twende ziwani, kule kaskazini, wiki mbili! Nyumba ya wageni, chai ya kuletewa, na hakuna atakayeniuliza kama shati lake limekauka.

Profesa si cheo. Nilimpa mimi jina hilo, ana miaka mitano, aliponiuliza mvuke wa pasi ukishatoka dirishani unakwenda kuishi wapi. Nikamwambia hilo kamuulize mwalimu. Akaenda akamuuliza! Leo ana ofisi na kiti kinachozunguka. Yeye na wenzake wanayafundisha makampuni namna ya kupunguza moshi na uchafu. Mtoto wa dobi! Naandika hapa ili siku nikijisahau nijikumbushe.

Nilishindwa kukaa nayo. Nikabeba kapu la nguo mbichi kama ndiyo naenda kuanika, nikapitia saluni kwa Msusi, mlango wa pili kutoka kwangu. Nikamwambia: jirani, mwezi huu nami napaa. Tunapanda ndege.

Kusema kweli Profesa hakutaja ndege. Nami sikuuliza. Lakini ziwa liko mbali kule, na binti mwenye kiti kinachozunguka atampeleka mama yake kwa nini — kwa toroli?

Msusi alipanda mwaka jana, mwanawe alimpeleka. Kile kikaratasi walichomfungia kwenye sanduku uwanjani hajakitoa mpaka leo, amekihamishia kwenye mkoba. Kimepauka, hakisomeki, kinaning'inia tu. Akienda dukani lazima mkoba uzungushwe upande wa watu.

Akanipa mawaidha. Omba kiti cha dirishani. Masikio yataziba, meza mate, usijitie ushujaa. Nikasema nitameza.

Kufika jioni mtaa mzima unajua. Na mimi sikumwambia mtu! Msusi tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanika mapema. Kamba zangu ziko juu ya paa, na ndege ya asubuhi hupita juu yake kila siku, chini kabisa, mpaka shuka zinatetemeka. Miaka yote hii naitazama nikiwa na vibanio mdomoni. Najiuliza, walio mle ndani wakichungulia, wanaziona shuka zangu? Weupe ule! Lazima wauone. Siku nikiwa mle nitazitafuta mwenyewe. Nitaziacha zimeanikwa kwa makusudi, nyeupe zote kamba moja.

Mchana wamekuja akina mama wa kikundi chetu. Hapa mtaani mtu akipanda ndege husindikizwa mpaka uwanjani, kwa nyimbo. Msusi alisindikizwa. Mimi nilikuwemo, nikaimba mpaka sauti ikakauka, na moyoni nasema ngoja, zamu yangu inakuja. Sasa wameamua: basi la kukodi, Jumamosi ile ya safari. Msusi ndiye msimamizi.

Nimejikausha. Nikasema jamani, msijisumbue. Nikasema mara moja tu, wasije wakaghairi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimenunua sanduku! Gumu, jekundu, magurudumu manne, linaenda hata upande kama kaa. Mzee wangu alikuwa chini sakafuni na tairi la baiskeli ya mteja — fundi huyu kila kazi anaileta nyumbani. Akalitazama sanduku. Akasema, tunahama?

Nikamwambia ndege haipandwi na mfuko wa rambo. Akasema yeye miguu yake na ardhi wamezoeana siku nyingi, asingependa kuwagombanisha uzeeni. Anaogopa! Mwanamume mzima aliyeshuka mlima kwa baiskeli isiyo na breki, eti ndege.

Nimeshaweka pasi ndogo. Siendi ziwani na makunyanzi.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Profesa amekuja. Kapendeza, kanawiri, kavaa lile gauni nililomnyooshea mwezi uliopita na mkunjo bado umesimama. Ameleta picha za huko tunakokwenda. Nyumba ndogo, bustani ya mboga nyuma, wanapika wanachovuna. Maji ya kuoga yanapashwa moto na jua. Mitumbwi ni ya kasia, hakuna injini. Na kuna kibao chooni kinasema taulo halibadilishwi kila siku mpaka mgeni aombe. Nilicheka! Nikasema waambie madobi wenzangu wa huko Mungu amewaona. Taulo moja siku tatu ndiyo wanaandika kibao? Mimi langu linamaliza wiki na sijaitwa redioni.

Profesa akacheka, akasema, umejuaje? Mimi ndiye niliyeitwa redioni. Alhamisi hii. Nitaizungumzia safari yetu.

Kisha akatoa tiketi. Ndefu, za rangi ya kijani. Treni.

Nikazitazama. Nikazigeuza nyuma, labda ndege imeandikwa huko.

Akanieleza, taratibu, kama anavyowaeleza wakubwa wa makampuni. Kwamba katika likizo, kinachochafua hewa kuliko vyote si taulo wala taa, ni namna unavyofika. Anaita kaboni, mimi naita moshi. Akasema, Mama, unaikumbuka pasi yako ya mkaa, kabla ya hii ya umeme? Sisi watatu kwenda na kurudi kwa ndege, moshi wetu unakaribia ule wa pasi yako ya mwaka mzima. Treni ni ya umeme, moshi wake ni sehemu ndogo tu ya huo. Ndiyo maana tunakaa wiki mbili badala ya kwenda mara mbili. Ndiyo maana begi moja kila mtu, jepesi.

Alivyoeleza! Mikono inavyokwenda! Nilisahau kuumia, nikawa namtazama tu. Huyu nilimbeba mgongoni nikifua.

Akasema kazini wenzake wanne wamemfuata, wamebadilisha safari zao za likizo. Picha yake imebandikwa kwenye ubao wa ofisi. Halafu akanishika mkono akauliza: Mama, umekubali kweli? Najua hujawahi kupanda ndege. Ukisema hapana nitaelewa.

Nami nikasema nini? Nikasema, mwanangu, ndege ya nini? Ndege ni ya watu wenye haraka.

Baba yake akapumua kama tairi lililofunguliwa. Tangu hapo anapiga mluzi.

Basi la kusindikiza sikulitaja. Sanduku jekundu nimelisukumia chini ya kitanda.

Jumanne, 12 Agosti

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hii mimi nimeivaa kama kanga. Leo nikaenda saluni kumwambia Msusi ukweli. Nilijipanga njiani. Jirani, mipango imebadilika. Maneno matatu!

Nikamkuta ananingoja. Ametoa kitu kabatini, kimefungwa kwenye karatasi laini. Mto wa shingo! Wake aliosafiri nao. Ameufua. Akasema, huu nakuazima, Mama Profesa, shingo yako na ya kwangu zimezeeka pamoja. Na ukifika juu ya mtaa wetu utupungie, sisi tutakuwa barabarani.

Hapo mtu atasema nini? Tumepigana vijembe na huyu mwanamke tangu anahamia. Kumbe ana moyo. Angebaki kuwa mbaya tu, ningemwambia vizuri.

Nikasema asante. Nikaongeza kwamba marubani wenyewe wanamfahamu Profesa. Sijui hata limetoka wapi.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku gani hii!

Wiki nzima natangaza: Alhamisi, redioni, mwanangu. Wateja nimewaambia. Muuza mkaa nimemwambia, na mkaa sinunui tena. Msusi akasema njooni wote saluni, redio yangu ina sauti. Wakaja. Viti vimejaa, wengine wamekaa kwenye beseni zilizofunikwa. Mimi katikati, kitambaa cha kichwa kipya.

Mara simu yangu ikalia. Ujumbe wa Profesa: Mama, naingia studio, leo nakutaja, nitawaambia tunavyokwenda kwa treni.

Redioni! Kwa treni! Na Msusi ameshalipia basi!

Mtangazaji anasema, na sasa tunaye mgeni wetu. Watu wakapiga makofi. Sauti yake ikaja — sauti ileile, nyembamba kidogo ikiwa na woga, ya baba yake hiyo — akaanza, habari zenu wasikilizaji. Nami nikainuka. Nikawasha kikausha nywele cha kwanza, kile chenye kofia kubwa. Nikawasha cha pili. Nikamshika mteja mmoja aliyekuwa na vibiringisho vya nywele, nikamwingiza kichwa mle ndani kwa nguvu.

Kelele! Kama mashine ya kusaga imeingia chumbani. Msusi akapiga ukelele, we Mama Profesa, umepatwa na nini? Nikasema kwa sauti, mwenzenu nywele mbichi atashikwa na mafua! Wakasema zima! Nikasema bado kidogo! Msusi akaja kuchomoa waya, nikasimama juu ya waya. Tukasukumana. Mwenye vibiringisho anasema ndani ya kikausha, jamani naungua.

Alipofaulu kuchomoa, mtangazaji anasema, tunakushukuru sana, na ujumbe huo umetugusa wote. Muziki.

Msusi alinitazama kama kitu kimekufa. Akasema, mtoto wako mwenyewe. Siku moja maishani anasema redioni, na wewe unawasha mashine.

Nikasema furaha. Nikasema nilichanganyikiwa na furaha.

Nilipofika nyumbani Mzee yuko kibarazani na simu yake, amesikiliza kutoka mwanzo. Macho mekundu. Sijamwona hivyo tangu kumzika mama yake. Nikamuuliza, amesema nini?

Akasema, mambo mazuri.

Mambo gani?

Mazuri. Amekusema wewe.

Amenisemaje?

Vizuri.

Mwanamume huyu! Maneno anayabania kama yanauzwa!

Ijumaa, 15 Agosti

Wateja wote wanasema hongera, tumesikia binti yako redioni. Nawauliza amesema nini hasa. Wanasema sauti ilikuwa chini, walikuwa kazini. Au walikuwa saluni.

Mimi peke yangu ndiye niliyetajwa, na mimi peke yangu nilisimama juu ya waya.

Nimenyoosha mashati ya mteja wangu mwanasheria mara mbili.

Jumapili, 17 Agosti

Mdomo umeponza kichwa, na kichwa chenyewe si changu peke yangu.

Msusi alimpigia simu Profesa jana, kwa wema tu, kumuuliza basi lifike uwanjani mapema kiasi gani. Uwanja gani? akauliza Profesa. Msusi akamweleza yote. Basi, nyimbo, mto wa shingo, rubani. Profesa la treni akalimeza.

Leo mwanangu kaja. Nilijua kwa jinsi alivyogonga mlango. Yeye huwa hagongi.

Nilingoja anifokee. Nilikuwa tayari, nimekaa na majibu yangu. Hakufoka. Alikaa kwenye kile kigoda chini ya meza yangu ya kupigia pasi, alipokuwa akikaa mtoto, magoti yanamfika kidevuni. Akasema: Mama, ungeniambia.

Nikasema nilitaka.

Akasema, nimeongea na watu wa ndege. Nimetushikia viti vitatu, chako dirishani. Nitavilipia asubuhi ileile ya safari kwa simu. Hutasimama mbele ya majirani na aibu kwa ajili ya kazi yangu.

Nikauliza, na kazini?

Nitawaambia nikirudi. Picha wataitoa. Si kitu.

Na wale wanne waliokufuata?

Si kitu, Mama.

Namjua mwanangu. Ana "si kitu" za namna mbili. Moja ni si kitu kweli. Nyingine aliisema alipokuwa darasa la nne, walipomtoa kwenye kwaya ya shule siku moja kabla ya kuimba mbele ya wazazi. Alisema si kitu, akala chakula chote, akaosha vyombo bila kutumwa. Leo ameosha vyombo.

Na mimi — niandike ukweli, nani ataona — moyo wangu uliruka. Dirishani! Shuka zangu nitaziona! Kwa muda wa kumeza mate nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani. Halafu nikasikia sahani zinavyowekwa, moja moja, polepole, hakuna hata moja inayogonga nyingine.

Akasema tiketi za treni atazirudisha. Nikasema niachie, stesheni nitapita mimi.

Jumatano, 20 Agosti

Stesheni sijaenda. Nguo nyingi.

Tiketi nimeziweka chini ya kitambaa cha meza. Nimepitisha pasi juu yake bila kukusudia. Zimenyooka!

Msusi kanipa ratiba ya nyimbo. Tatu za kuondokea, mbili za barabarani, moja ya machozi uwanjani. Nikamuuliza, mbona hatujawahi kumsindikiza mtu stesheni? Akasema, stesheni? Stesheni huenda kila mtu, jirani. Nani ataimba?

Ndege imepita asubuhi. Nilikuwa na vibanio mdomoni. Niliitazama tu kidogo.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimelifungua sanduku jekundu, nimetoa vitu vyote. Mzee kauliza vipi. Nikasema zito. Nimehamishia kwenye begi lile la kitambaa: magauni mawili, kanga, taulo moja, mto wa Msusi. Pasi nimeitoa. Nimeirudisha. Nimeitoa.

Profesa analala hapa kwetu leo. Amenisaidia kukunja. Anakunja vizuri kuliko mimi na sijawahi kumwambia. Nimemwambia leo. Akacheka, akasema alijifunza kwa kupigwa vidole.

Hakuuliza mbona begi jepesi.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika mapajani, basi linaruka, mwandiko huu nani atausoma. Hata mimi.

Tumeondoka! Mtaa mzima ulikuwa nje. Basi limepambwa maua ya karatasi, akina mama wamejaa mpaka mlangoni, wengine wamevaa sare ya kikundi niliyoinyoosha mimi mwenyewe juzi. Inang'aa! Hata basi limekuwa na adabu. Pikipiki mbili mbele na honi. Profesa aliliangalia basi na zile pikipiki, nikamwona midomo inapiga hesabu ya moshi, kisha akajizuia, akapanda. Mtoto mwenye adabu. Sifa hiyo ni yangu.

Msusi kasimama mbele karibu na dereva. Mkoba begani, kikaratasi kinapepea. Wimbo wa pili.

Mimi niko kiti cha nyuma ya dereva, Mzee kando yangu. Profesa upande wa pili, peke yake, simu mkononi. Anangoja watu wa ndege wafungue ofisi alipie vile viti.

---

Mzee amenigusa. Ameingiza mkono mfukoni, katoa simu na waya wa masikioni. Kipande kimoja kanipa. Akasema, sikiliza kabla hatujafika. Nilirekodi.

Ulirekodi! Tangu Alhamisi ile! Mbona hukusema?

Akasema, hukuuliza. Uliuliza alisema nini.

Ningempiga, lakini nilikuwa nimeshaweka sikioni.

Naandika alivyosema, nisije nikapoteza hata neno.

"Mama yangu ni dobi. Pasi yake ikipata moto huanza na suruali nzito, halafu mashati, na leso anazinyoosha mwisho, pasi ikiwa imeshazimwa na inapoa. Hapotezi moto. Maji ya suuza ya mwisho anaoshea ngazi. Watu huniuliza haya nilisomea wapi. Nilianza chini ya meza yake."

Mtangazaji akamuuliza kuhusu likizo. Akasema: "Mama yangu hajawahi kupanda ndege. Ndege hupita juu ya kamba zake kila asubuhi, na mimi nimemwona anavyoitazama, tangu niko mdogo. Nilijiapiza nikipata kazi nitampandisha. Sasa nina kazi, na kazi yenyewe ndiyo inayoniambia nisifanye hivyo. Nilimwomba akubali treni. Amekubali. Sijui kama mnaelewa ni kitu gani amenipa. Mimi najivunia watu wengi niliosoma nao, lakini huyu..." Hapo sauti yake ikakatika kidogo. Mtangazaji akasema, chukua muda wako.

Na mimi wakati huo nimesimama juu ya waya!

Kumbe aliniona. Miaka yote mimi najua ni siri yangu na vibanio vyangu.

---

Nimemsikiliza mara ya pili. Mzee anatazama nje, anajifanya anahesabu nguzo.

Wanaimba ule wa tatu. Msusi anacheza, amenikonyeza. Amebeba hata leso ya kunifuta machozi uwanjani. Profesa amenyanyua simu sikioni. Ofisi imefunguliwa.

Mbele naona ule mzunguko mkubwa. Kushoto ni uwanja wa ndege. Kulia ni stesheni. Nayajua yote mawili, nimepeleka nguo za wateja pande zote.

Nimeingiza mkono begini. Tiketi zipo. Zimenyooka kama hati za serikali.

Nimemgusa dereva bega. Nimempa simu ya Mzee. Nimemwambia, mwanangu, ichomeke hii kwenye spika zako, sauti yote. Akasema, ni wimbo, mama? Nikasema ni zaidi.

Msusi ananiuliza kwa mdomo bila sauti, nini tena? Nimemwambia: ile ya redioni. Leo hakuna kikausha nywele.

Amecheka! Amewanyamazisha wote kwa mikono miwili. Anasema nyamazeni, nyamazeni, Mama Profesa anatulipa deni lake.

Spika zimekoroma.

"Mama yangu ni dobi..."

Basi zima kimya. Hata honi za pikipiki kama ziko mbali. Sauti ya mwanangu imejaa mpaka kwenye viti vya nyuma, na nyuma kule mmoja kasema, ndiye huyo, ndiye mwenyewe! Profesa amegeuka. Simu iko sikioni lakini haongei. Nasikia kisauti kidogo mle ndani kinasema haloo, haloo, mteja upo?

Imefika kwenye suruali na leso. Wanacheka, wananipigia makofi. Msusi anapiga kuliko wote. Bado haijafika kwenye treni. Inakuja. Msusi, jirani yangu, mto wako uko begini, nao utasafiri.

Ndege moja inapanda kushoto kule, nyeupe, jua limeipiga tumboni. Nzuri! Siwezi kusema si nzuri.

"...Nilimwomba akubali treni."

Makofi yamekatika. Msusi ameshusha mikono. Ananitazama. Wote wananitazama. Mwanangu ameweka kiganja mdomoni.

Dereva amepunguza mwendo, mzunguko huu hapa, kwenye kioo macho yake yananiuliza, mama?

Nasimama. Begi jepesi, limeinuka nami kama manyoya. Tiketi nimezishika juu, wazione wote hata wa mlangoni, na nitasema kwa sauti kubwa kuliko spika, kata kulia, dereva, stesheni, maana huyu anayesema mle ndani ni wangu.